Maji Yaliyofaulu Vipimo

Jumatatu ya tarehe 5 Aprili 1993, idara ya afya ya jiji la Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, iliwapigia simu wenzao wa ngazi ya jimbo. Watu walikuwa wanahara, tena wengi. Wafanyakazi wa hospitali hawakufika kazini, walimu hawakufika, wanafunzi walibaki nyumbani, na kwenye maduka ya dawa vidonge vya kuzuia kuhara vilikuwa vinaadimika. Chakula kibovu cha sherehe huangusha ukumbi mmoja. Kinachoweza kuangusha hospitali, shule na mitaa kwa wiki moja ni kile kinachoingia kila nyumba, na kinachoingia kila nyumba ni maji ya bomba.

Maji yakaangaliwa. Bakteria wa kinyesi, wale ambao kila mamlaka ya maji duniani huwapima, hawakuonekana. Dawa ya klorini ilikuwa imetiwa kama kawaida. Tope lilikuwa limepanda kwenye mtambo mmoja kati ya miwili ya jiji, lakini takwimu zilibaki ndani ya mipaka iliyowekwa na jimbo. Kwa mujibu wa karatasi, jiji lilikuwa linakunywa maji safi. Jumatano usiku meya John Norquist aliwatangazia wananchi wachemshe maji ya bomba kabla ya kuyanywa. Ijumaa mtambo wa kusini, unaoitwa Howard Avenue, ulifungwa.

Ushahidi uliomsukuma meya ulitoka kwa wagonjwa. Siku ileile ya Jumatano, maabara mbili zilikuwa zimekuta kimelea kimoja kwenye choo cha wakazi saba, wote watu wazima: kriptosporidiamu, ambacho watu wa maabara hukiita kripto kwa kifupi. Kipimo cha kawaida cha choo, kile cha kutafuta minyoo na amiba, hakikionyeshi. Daktari lazima akitaje kwenye fomu, na fundi wa maabara atumie rangi maalumu. Kwa hiyo mgonjwa aliweza kupimwa, akaambiwa hana kitu, akarudi nyumbani na kunywa tena maji yaleyale.

Baadaye watafiti walipiga simu kwenye nyumba zilizochaguliwa bila mpangilio, wakauliza nani alihara na lini, wakakadiria kwamba watu 403,000 waliugua kwa sababu ya maji hayo. Katika kipindi hichohicho, wagonjwa waliothibitishwa na maabara walikuwa 285. Katika miaka miwili iliyofuata vilihesabiwa vifo 54 vilivyohusishwa na kimelea hiki, na wengi mno kati ya waliofariki walikuwa wagonjwa wa UKIMWI, miaka ambayo dawa kali za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijapatikana.

Nimeanza na Milwaukee kwa sababu kisa chake kinavunja dhana ambayo wengi wetu tunayo, hata tuliosoma: kwamba kupima maji ni kuyatazama kwa chombo chenye nguvu ya kutosha, kisha chombo kikatoa jibu. Kwa bakteria, jambo hilo linakaribia kuwa kweli. Kwa vimelea, mtu akisema "hatukuona kitu" ametupa habari za utafutaji wake. Habari za maji yenyewe bado hatujazipata, na sura hii inahusu umbali uliopo kati ya hizo mbili.

Vimelea vya majini havifanani. Mnyoo wa Guinea, uliotesa watu wa Uganda, Kenya na Kongo kwa vizazi vingi, huingia mwilini ukiwa lava iliyomezwa na mdudu mdogo wa bwawani. Mdudu huyo anaonekana. Chota maji ya bwawa kwenye glasi, inua juani, na mwenye macho mazuri atamwona akirukaruka kama nukta nyeupe. Kwa sababu ana ukubwa huo, kitambaa chenye matundu madogo kinatosha kumzuia, na kwa kitambaa, elimu na wafuatiliaji wa vijijini, Shirika la Afya Duniani liliitangaza Uganda kuwa huru dhidi ya mnyoo huo mwaka 2009, Kenya mwaka 2018 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Ni ushindi mkubwa, na sehemu yake kubwa ilitokana na bahati kwamba adui aliweza kuonekana na kuchujwa na mama mwenye nyumba.

Kripto hakina huruma hiyo. Kinasafiri majini kikiwa ndani ya ganda gumu la mviringo liitwalo oosisti, lenye upana wa mikromita 4 hadi 6. Ukizipanga oosisti 200 kwa mstari mmoja zitafika milimita moja. Kwenye kitambaa cha kuchujia zinapita kama dagaa kwenye wavu wa sangara. Ndani ya kila ganda mna viumbe vinne vidogo vinavyosubiri utumbo. Ganda likimezwa hupasuka, viumbe vinatoka na kujichimbia kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, vinazaana, na baada ya siku chache mgonjwa anatoa choo chenye oosisti kwa mamilioni. Mwanasayansi wa Marekani, Ernest Edward Tyzzer, alikieleza kimelea hiki mwaka 1907 baada ya kukikuta kwenye tumbo la panya. Kwa karibu miaka 70 kilihesabiwa kuwa shida ya mifugo na wanyama wa maabara, hadi mwaka 1976 kilipoandikwa kwa mara ya kwanza kuwa kimemuuguza binadamu.

Ganda hilo ndilo linalodharau klorini. Dozi ya klorini iliyomo kwenye maji ya bomba inamaliza bakteria wa kipindupindu kwa dakika chache. Kripto, kwa dozi ya miligramu moja kwa lita, kinahitaji zaidi ya siku 10 ili kiangamizwe kwa uhakika. Hakuna mtandao wa mabomba unaoshikilia maji siku 10 ukingoje. Hapa ndipo kipimo cha kila siku kinapopotosha. Tunapima bakteria aina ya E. coli kama shahidi wa kinyesi: akiwepo, kinyesi kimeingia, asipokuwepo, maji yako salama. Klorini inamuua shahidi na kumwacha mhalifu. Maji yanaweza kutoka kwenye mtambo yakiwa na E. coli sifuri kwa haki kabisa, na yakiwa na oosisti hai. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo moja ambalo kila diwani, kila mwandishi wa habari na kila mjumbe wa kamati ya maji anapaswa kulijua kabla ya kusoma ripoti yoyote ya ubora wa maji.

Kama klorini haikifai, mtambo unakizuiaje? Kwa shabu na mchanga. Watu wa pwani wanaijua shabu tangu zamani, ile chumvi ya mawe inayotiwa kwenye mtungi wa maji ya mto ili tope litulie chini. Mitambo mikubwa hutumia kitu kilekile au ndugu zake wa viwandani. Chembe za udongo, bakteria na oosisti zote zina chaji hasi ya umeme, kwa hiyo zinasukumana na kuelea kila moja peke yake. Shabu inaituliza chaji hiyo. Chembe zinashikana, zinakuwa mabonge, mabonge yanazama, na yanayobaki yananaswa kwenye kitanda cha mchanga. Wengi hudhani mchanga ni chekeche. Sivyo. Nafasi kati ya punje za mchanga ni kubwa mara nyingi kuliko oosisti. Mchanga unanasa kwa sababu chembe iliyotulizwa chaji inagusa punje na kuganda hapo. Shabu ikikosewa kipimo, oosisti inapita katikati ya mchanga bila kugusa kitu.

Milwaukee iko ufukweni mwa Ziwa Michigan, na mito mitatu inakutana kwenye bandari yake. Majira yale theluji ilikuwa inayeyuka na mvua ilikuwa kubwa, mito ikabeba kila kilichokuwa juu ya ardhi na kwenye mifereji hadi ziwani. Mtambo wa kusini ulikuwa umebadilisha dawa ya kugandisha tope mwaka uliotangulia, na mafundi walikuwa bado wanaizoea walipokutana na maji mabaya kuliko waliyowahi kuyapokea. Mwishoni mwa Machi tope la maji yaliyokwishachujwa lilifika 1.7 kwa vizio vya NTU. Nambari hiyo jicho haliioni. Maji huanza kuonekana yamechafuka karibu na 4. Vifaa vya kupima tope mfululizo vilikuwepo mtamboni lakini havikuwa vinatumika, na vipimo vilichukuliwa kila baada ya saa nane. Ndani ya saa nane mtambo wa jiji unapeleka maji kwenye makumi ya maelfu ya nyumba.

Kuna ushahidi mmoja wa kusikitisha uliohifadhiwa kwa bahati tu. Maji ya Machi yalikuwa yamekwishanywewa, hakuna aliyeyawekea akiba, ila kiwanda kimoja cha kusini mwa jiji kilikuwa kimetengeneza mabonge ya barafu tarehe 25 Machi na tarehe 9 Aprili. Wachunguzi waliyayeyusha, wakachuja, wakakuta oosisti: takribani 13 kwa kila lita 100 kwenye barafu ya Machi, na karibu nusu ya hizo kwenye barafu ya Aprili. Kuganda kunaharibu oosisti, kwa hiyo idadi halisi iliyopita bombani huenda ilikuwa kubwa zaidi. Lakini tuichukue ilivyo. Oosisti moja kwa karibu lita nane. Mtu angemaliza ndoo nzima bila kumeza hata tatu.

Je, idadi hiyo inatosha kuuguza? Mwaka 1995 watafiti wa Texas walichapisha matokeo ya watu 29 wenye afya waliokubali kumeza oosisti zilizohesabiwa. Kwa aina waliyoitumia, oosisti 132 ziliambukiza nusu ya waliomeza, na 30 ziliambukiza mmoja kati ya watano. Majaribio ya baadaye yalikuta aina nyingine ambayo oosisti 9 zinaambukiza nusu. Hakuna kiwango ambacho chini yake mtu yuko salama kabisa. Kuna uwezekano mdogo tu, na uwezekano mdogo ukizidishwa kwa mamia ya maelfu ya wanywaji unajaza hospitali.

Sasa tuingie maabara, tuone kinachofanyika mtu anaposema anapima vimelea kwenye maji. Njia iliyoenea tangu miaka ya mwisho ya 1990 huanza na lita 10 za maji, wakati mwingine 50 au zaidi, zinazosukumwa kupitia kichujio chenye matundu ya mikromita moja. Kila kilichomo kinabaki juu ya kichujio: tope, mwani, kutu ya bomba na, kama zipo, oosisti. Kichujio kinaoshwa kwa maji yenye sabuni maalumu, kwa kutikiswa au kukamuliwa, na uchafu uliotoka unatiwa kwenye mirija ya mashine ya kuzungusha. Inazunguka kwa dakika 15. Lita 10 zimekuwa kijiko cha tope.

Ndani ya tope hilo oosisti ni chache na takataka ni nyingi mno, kwa hiyo inatumiwa sumaku. Maabara ina chembe ndogo za chuma zilizopakwa kingamwili, zile protini ambazo mwili hutengeneza kumshika adui mmoja na kumwacha mwingine. Kingamwili hizi zinashika ganda la kripto. Tope na chembe vinachanganywa kwenye mrija unaogeuzwa taratibu kwa saa moja, kisha sumaku inawekwa ubavuni mwa mrija. Chembe zinavutwa ukutani pamoja na mateka wao, tope linamwagwa. Asidi kidogo inaachanisha oosisti na sumaku, na tone linalobaki linawekwa kwenye kioo cha hadubini.

Likikauka, linatiwa kingamwili nyingine zilizobeba rangi inayowaka, pamoja na rangi ya pili inayong'ang'ania vinasaba. Fundi anaingia chumba chenye giza. Chini ya mwanga wa buluu oosisti inawaka kijani cha tufaha bichi, na kingo zake zinang'aa kuliko katikati. Anabadilisha mwanga: kama ndani zinaonekana nukta za buluu, hadi nne, hizo ni viini vya wale viumbe wanne. Anabadilisha tena, anakuza mara 1,000, anapima upana wake, anaangalia umbo la ndani. Mwani nao una tabia ya kuwaka kijani. Chavua pia. Anapita kioo kizima hivyo, mstari kwa mstari, na kazi ya sampuli moja inakula siku nzima. Giadia, kimelea kingine cha maji chenye umbo la yai na ukubwa wa karibu mara mbili, kinatafutwa kwenye kioo hichohicho.

Tuhesabu alichopoteza njiani. Oosisti zinabaki kwenye kichujio, zinaganda kwenye kuta za mirija, zinamwagika na tope, zinashindwa kushikwa na sumaku. Maabara nzuri hujipima kwa kutia oosisti zilizohesabiwa, tuseme 100, kwenye sampuli ya maji yaleyale, kisha kuona zinarudi ngapi. Zikirudi 40 au 50, fundi anastahili pongezi. Maji yakiwa na tope jingi, zinaweza kurudi 15.

Kwa hiyo chukua maji yenye oosisti moja kwa kila lita 10, karibu sawa na ya ile barafu. Oosisti hazijipangi sawasawa majini. Ndoo moja itakuwa na mbili, nyingine haina. Hata kama maabara isingepoteza chochote, sampuli 37 kati ya 100 zingetoka na sifuri. Kwa maabara inayookota asilimia 40, sifuri zinafika 67 kati ya 100. Mkuu wa mtambo akipima mara moja kwa wiki, anaweza kupokea karatasi tatu nzuri mfululizo huku jiji la watu 800,000, kila mmoja akinywa lita moja kwa siku, likimeza oosisti 80,000 kila siku. Hakuna aliyemdanganya. Karatasi zote tatu ni za kweli.

Uingereza ilijaribu kulitatua kwa kuongeza maji. Mwaka 1995 watu wa Torbay, kusini magharibi mwa nchi, waliugua kripto, na kampuni ya maji ikashtakiwa. Kesi ilianguka: mahakama ilikataa ushahidi wa wataalamu wa magonjwa, waliounganisha wagonjwa na maji kwa takwimu, ikauona kuwa ni maneno ya kuambiwa. Serikali ikajibu mwaka 1999 kwa kanuni mpya. Mitambo iliyoonekana kuwa na hatari ilitakiwa kuchuja sampuli usiku na mchana, karibu lita 1,000 kila siku, na wastani usifike oosisti moja kwa lita 10. Vichujio vilifungwa kwa lakiri na kusafirishwa kama kielelezo cha mahakamani. Ulikuwa mpango ghali. Naamini faida yake kubwa haikuwa oosisti zilizohesabiwa. Wakuu wa mitambo, wakijua kila saa yao imehifadhiwa kwenye kichujio, walianza kutunza shabu na mchanga wao kuliko zamani.

Sydney ilipata somo la upande wa pili. Kati ya Julai na Septemba 1998, vipimo vya maji yaliyokwishasafishwa vilianza kutoa idadi kubwa za kripto na giadia, nyingine za kutisha. Watu milioni tatu waliambiwa wachemshe maji. Tangazo likaondolewa, likarudishwa, likaondolewa, likarudishwa tena. Wakati huo wote wataalamu wa afya walikuwa wanasubiri wagonjwa. Hawakuja. Kuhara hakukuongezeka. Uchunguzi wa serikali ulioongozwa na Peter McClellan ulitilia shaka namna maabara ilivyotambua na kuhesabu ilichokiona. Pia kuna aina za kripto za wanyama ambazo hazimdhuru mtu mwenye afya, na kuna oosisti zilizokufa ambazo kioo cha hadubini hakizitofautishi na hai. Milwaukee iliona wagonjwa bila kuona kimelea kwenye maji. Sydney iliona vimelea bila kuona wagonjwa. Ukiweka miji hiyo miwili kando kwa kando, utaelewa kwa nini wahandisi wa maji wenye uzoefu hawapendi kuulizwa swali la "kipo au hakipo".

Swali la uhai lilichelewesha hata tiba. Kwa miaka mingi vitabu vilieleza kwamba mwanga wa urujuanimno haukiwezi kripto isipokuwa kwa dozi kubwa mno. Ushahidi wake ulitoka kwenye rangi: oosisti iliyopigwa mwanga ilitiwa rangi inayotofautisha mzima na mfu, na rangi ikaonyesha mzima. Mwaka 1998 Jennifer Clancy na wenzake walichapisha matokeo ya kupima kwa njia nyingine. Waliwalisha oosisti hizo panya wachanga. Panya hawakuambukizwa. Mwanga ulikuwa umevuruga vinasaba hata kimelea kisiweze kuzaana, ingawa ganda lilikuwa zima na rangi ilikiona kiko hai. Dozi iliyotosha ilikuwa ndogo na ya bei nafuu. Leo taa hizo zimefungwa kwenye mitambo mingi ya maji duniani. Silaha ilikuwepo muda wote, ila kipimo kibovu kilituzuia kuiamini.

Vinasaba vimesaidia pia kujibu swali lililobaki Milwaukee. Mwanzoni wengi waliwalaumu ng'ombe wa mashamba ya Wisconsin. Oosisti zilizohifadhiwa kutoka kwa wagonjwa zilipochunguzwa miaka iliyofuata, zilikuwa za aina inayokaa kwa binadamu, hivyo macho yakageukia maji taka ya jiji lenyewe. Hadubini peke yake isingeweza kusema hivyo, kwa kuwa oosisti za aina hizo mbili zinafanana kabisa.

Kwetu Afrika Mashariki, maabara zenye sumaku za kingamwili na mafundi wa kuzitumia ni chache, na kichujio kimoja tu ni gharama. Ugonjwa wenyewe haukusubiri vifaa. Utafiti mkubwa wa kuhara kwa watoto uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia, likiwemo eneo la Siaya magharibi mwa Kenya, uliwafuatilia zaidi ya watoto 22,000, na matokeo yalitoka mwaka 2013. Wengi walitegemea kuona rotavirusi ikiongoza kwa watoto chini ya mwaka mmoja, na iliongoza. Kilichofuata kwa watoto hao kilikuwa kripto, kimelea ambacho zahanati nyingi hazijawahi kukiandika kwenye daftari. Kwa watoto wa mwaka mmoja hadi miwili, waliokuwa nacho walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Si wote walikipata kwenye maji. Mikono, vyoo na ndama wa uani vina sehemu yao. Lakini maji yanakipeleka kwa wengi kwa wakati mmoja.

Bado tuna kifaa ambacho vituo vingi vya afya vinacho. Rangi nyekundu inayotumika kutafuta bakteria wa kifua kikuu kwenye makohozi, ikitumiwa kwa asidi hafifu kidogo, inaonyesha oosisti za kripto kwenye choo: vijiduara vyekundu juu ya mandhari ya buluu au kijani. Fundi anayesoma kioo cha kifua kikuu ana ujuzi wa kutosha, na hadubini anayo. Kinachokosekana ni mtu wa kuomba kipimo. Mtoto aliyehara siku 14 au zaidi, au mtu anayeishi na VVU ambaye kuhara hakumwachi, anastahili neno kripto liandikwe kwenye fomu yake. Wagonjwa watatu wa mtaa mmoja ndani ya wiki moja ni taarifa ya maji, na inapaswa kumfikia mhandisi wa mamlaka siku hiyohiyo, asingoje ripoti ya mwezi.

Na mhandisi huyo atazame tope. Hili ndilo Wamarekani walilolibadilisha kwanza: kanuni zao za Desemba 1998 zinadai maji ya kila kichujio yapimwe tope mfululizo na kuandikwa kila dakika 15, na maji yaliyochujwa yabaki chini ya 0.3 NTU kwa asilimia 95 ya vipimo vya mwezi, yasivuke 1 hata mara moja. Kwa kanuni hiyo, Milwaukee ya Machi 1993 ingepiga kengele siku kadhaa kabla ya simu ile ya idara ya afya. Kipima tope hakijui kripto ni nini. Kinajua tu kwamba mchanga umeacha kunasa, nacho kinasema hivyo papo hapo, wakati kioo cha hadubini bado kinasubiri kukauka. Kwa mitambo yetu inayochota kwenye mito yenye tope la masika, kama ningepewa fedha za kununua kimoja tu, ningenunua kipima tope kwa kila kichujio na kumlipa mtu wa zamu wa kukiangalia usiku. Milwaukee yenyewe ilisogeza mdomo wa kuchotea maji mbali zaidi ziwani, na mwaka 1998 ikaanza kutumia ozoni, gesi inayoliweza lile ganda.

Nyumbani, klorini ya chupa au ya vidonge iendelee kutiwa kwenye ndoo. Inazuia kipindupindu na taifodi, na kuiacha kwa sababu ya kripto kungekuwa kubadilisha hatari ndogo kwa kubwa. Lakini maji ya mtoto mchanga, ya mgonjwa wa VVU na ya anayetibiwa saratani yachemshwe. Yakitokota kwa dakika moja, au dakika tatu kwa wanaoishi juu sana milimani, hakuna oosisti inayobaki hai. Kichujio cha udongo wa kuchoma au cha kauri chenye matundu yasiyozidi mikromita moja nacho kinazinasa, mradi kisiwe na ufa. Baada ya kuchemsha, maji yapoe kwenye chombo chenye mfuniko na bomba dogo la kukingia, asije mtu akayachota kwa kikombe kilichotoka mkononi mwa anayehara.